Waliojitolea kwa Zimamoto

Jua lilikuwa linazama Muhsina alipoiacha Maskati nyuma na kushika njia ya Qantab kwenda kumchukua baba yake, Harub, huku amekasirika. Hospitali ilikuwa imempigia simu: damu ya mzee imepungua mno, aletwe aongezwe leo hii hii. Na Harub mwenyewe hapokei simu. Yuko bandani anang'arisha gari! Mtu mzima yule, rangi imemtoka usoni, lakini ukimwambia apumzike anakutolea macho.

Madaktari walikuwa wametafuta kila pahala. Hana kidonda, havuji popote. Ila damu inakwenda.

Gari lenyewe lilikuwa la zimamoto, kongwe, jekundu, lenye kengele ya shaba ya kuvuta kwa kamba. Babu yake Muhsina, mzee Yaqdhan, na wenzake waliorudi kutoka Unguja ndio waliolinunua kuukuu, wakaunda kikosi chao cha kujitolea, wawe wanazima moto wa majirani bila kungoja mtu. Walisifiwa sana. Kisha wakaanza kufa, mmoja baada ya mwengine, weupe, wamekauka, na Yaqdhan akawa wa mwisho. Gari likafungiwa bandani. Bibi yake Muhsina, Bi Nasriya, alikuwa akisimulia kwamba utotoni kwao Unguja zimamoto likipita walikimbilia uvunguni, maana watu wake ndio mumiani, wanyonya damu. Muhsina alikuwa akimcheka bibi wa watu mpaka machozi yakamtoka.

Mwaka huu Harub aliamua kulifungua banda, alitengeneze gari la marehemu baba yake, likaoneshwe kwenye maonesho ya magari ya kale.

Muhsina alikuta mlango wazi. Ndani giza.

"Baba?"

Kengele. Ililia mara moja, kidogo tu, kama iliyoguswa kwa bahati mbaya.

Harufu ikampiga. Si ya mafuta, si ya rangi. Ilikuwa ile ya mabucha asubuhi, kabla hawajamwaga maji.

Akawasha taa ya simu. Baba yake alikuwa kwenye kiti cha dereva, mikono yote miwili juu ya usukani, macho ameyafumba. Gari lilikuwa linanguruma taratibu. Boneti ilikuwa wazi, na pahala pa injini palikuwa patupu.

Injini ilikuwa chini, juu ya magunia, imefunguliwa vipande vipande.

Muhsina alitamani kukimbia. Badala yake alikanyaga ngazi ya gari, akamshika baba yake mkono. Wa baridi. Akauvuta. Haukubanduka.

"Baba, shuka. Twende hospitali."

"Siwezi, mwanangu," akanong'ona Harub. "Mwenyewe nlikubali."

"Ulikubali nini?"

"Siku ya kwanza nlipokaa hapa nlisema kwa mdomo wangu, kazi ya marehemu baba ntaifanya mimi. Nlisema tu, kama watu wanavyosema... Halichukui kwa nguvu, Muhsina. Linangoja ujitolee."

Mngurumo ukapanda. Pumzi ya vuguvugu ikamgusa Muhsina magotini.

"Nenda, mama," akasema mzee. "Na usiseme kitu humu ndani. Nnakuomba."

Alimpenda mno baba huyu. Ndiye aliyemlea peke yake tangu mama yake alipofariki, akamsuka nywele vibaya vibaya asubuhi za skuli. Sasa kichwa chake kilikuwa kinaangukia kifuani, midomo imekuwa ya jivu. Muhsina alimwona anakufa. Na mtoto aliyelelewa vizuri, akiona mzee wake amechoka, ana neno lake analolisema kila siku bila ya kufikiri.

"Shuka upumzike, baba. Mimi ntakaa."

Mngurumo ukanyamaza.

Mikono ya Harub ikaachia. Akaporomoka mpaka sakafuni, akainua uso.

"Umesema nini?" Sauti ilikuwa ya kilio. "Sema hukukusudia, mwanangu. Sema!"

Muhsina alifungua mdomo aseme. Lakini alikuwa ameshakaa kitini, wala hakukumbuka kupanda. Usukani ulikuwa na joto, ukampiga mapigo viganjani, polepole... polepole...

Gari lilimwachia baada ya isha, kama lilivyokuwa likimwachia baba yake kila siku.

Harub amepona. Damu imerudi yenyewe, wanasema madaktari, na hawajui vipi. Kila magharibi miguu ya Muhsina humpeleka yenyewe bandani, na Harub humfuata, na kabla hajakaa humsukuma, hukaa yeye, akaomba kwa sauti achukuliwe yeye. Gari halingurumi. Halingurumi mpaka Muhsina apande.

Asubuhi Muhsina anafundisha chuoni, Al Khoudh. Wanafunzi wake wa kike wanamzunguka baada ya darasa, wanamtazama uso kwa uchu.

"Mashaallah, ustadha, umetakata, umekuwa mweupe," wanamwambia. "Unapaka nini?"