Waranti Ni Mimi

Ujia wa maduka ya kompyuta ulikuwa umejaa kama kawaida yake, feni zikisukuma joto kutoka duka moja kwenda jingine, kila mwenye meza akiita wateja kwa sauti ya kumzidi mwenzake. Katikati ya vurugu hizo alipita dada mmoja aliyevaa gauni la manjano lenye mifuko mikubwa, kilemba kimefungwa juujuu, kifuani amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye taulo. Alikuwa mhariri wa video. Ndani ya taulo mlikuwa na kadi ya picha ya kompyuta yake, kile kipande kinachoiwezesha mashine kubeba kazi nzito za video, na kadi hiyo ilikuwa imekufa.

Akikwepa mkokoteni wa maboksi, akamkumba kijana aliyekuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Taulo likaanguka, kadi ikateleza sakafuni.

"Jamani, samahani kaka! Sikukuona."

Kijana akaiokota, akaigeuza upande huu na ule, akavua kofia.

"Pole sana dada. Marehemu alikuwa nani yako?"

Mhariri alitaka kukasirika, akashindwa. "Mume wangu," akajibu. "Yeye ndiye aliyekuwa ananilisha."

"Basi usilie njiani. Njoo nikutafutie mwingine."

Ujia mzima ulimwita Bisibisi, kwa sababu ya bisibisi nyembamba isiyotoka kwenye mfuko wa shati lake. Shati lenyewe lilikuwa jeupe, limepigwa pasi mpaka mikono imesimama, na hilo kwa fundi anayeshinda kwenye vumbi halikuwa jambo dogo. Mhariri aliliona. Aliona pia kwamba alipomtajia bajeti yake kwa sauti ya chini, kijana hakucheka wala hakukunja uso.

"Na unafanyia kazi gani?"

"Video za harusi, mahafali. Nataka nipande, nipate za mashirika."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mambo yote yalipoharibikia. Kwa bajeti ile kulikuwa na jibu moja tu la kweli. Kwenye kabati la kioo la Bisibisi kulikuwa na kadi ndogo, mpya, yenye feni moja. Ni ya polepole, lakini nzima. Fundi mwaminifu angesema: chukua hii, kazi zako zitachelewa kidogo, weka akiba, ukijaaliwa uje uchukue kubwa. Bisibisi alilijua jibu hilo, na mkono wake ulishafika kwenye kioo. Ndipo Mhariri akaiona ile kadi, akashusha mabega.

"Ndiyo hiyo tu?" akauliza. "Basi ngoja nijaribu mbele."

Kusikia mbele, moyo wa kijana ukaruka. Akainama chini ya meza, akaibuka na kadi pana yenye feni mbili. "Subiri bwana, una haraka gani? Hii ni ya jamaa mmoja aliyehama. Imetumika kidogo tu. Wewe nakupa kwa bei yako hiyohiyo."

Jamaa aliyehama hakuwepo. Kadi ile Bisibisi aliiokota kwenye boksi la vyuma chakavu la Mama Lenzi, fundi wa meza ya jirani, akaipuliza kwa hewa ya moto mpaka lehemu zilizokatika zikashikana tena. Mafundi wanaita kuipiga moto. Kadi ya namna hiyo huamka, ikafanya kazi vizuri tu, kisha siku moja ikazima moja kwa moja, na hakuna ajuaye ni lini. Fundi huichezea mwenyewe. Haiuzi kwa mtu.

"Na risiti?" aliuliza Mhariri.

"Risiti ya nini, dada? Waranti ni mimi. Ikisumbua, nipigie."

Ikasumbua.

"Fundi, kioo kimepiga mistari!"

"Rangi gani?"

"Kijani. Unacheka nini?"

"Nacheka kwa sababu nilikuwa natafuta sababu ya kukupigia, nawe umenitangulia."

"Acha utani wako, nina kazi ya watu hapa!"

"Nakuja, malkia. Usiiguse."

Alikuja na kipulizio chake cha hewa, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, akabadilisha dawa ya kupozea, akaipunguza kadi kasi ili isipate moto sana. Kisha akaketi kwenye kigoda nyuma yake na kumtazama akikata video. Alikuwa hajawahi kuona mtu akimfanya bibi harusi aliyenuna aonekane ana haya. Kila kadi iliposumbua alikuja, na kila alipokuja alileta matunda, na baada ya muda akaanza kuja hata kadi ikiwa salama. Dada mkubwa wa Mhariri, ambaye ndiye mwenye nyumba, alimkuta mara nyingi mlangoni akivua viatu.

"Shemeji fundi," akamtania, "mbovu ni kompyuta au ni moyo?"

"Vyote, dada. Naanza na kompyuta."

Walicheka wote watatu. Walipendana, hilo sitalipunja. Mhariri alimpenda kwa moyo mmoja, na Bisibisi alimpenda akiwa na jiwe kifuani. Alinuia kununua kadi nzuri na kuibadilisha kimyakimya. Kila alipokusanya kidogo, kodi ya meza ikadai, au mama yake akaugua, naye akajiambia kadi bado inapumua.

Siku moja Mhariri akampigia, sauti yake inacheka. "Mpenzi, nimeweka akiba yangu vizuri. Nataka kadi mpya kabisa. Hii nimpelekee Mama Lenzi aniuzie."

Mama Lenzi angeitambua kadi yake kabla hata hajaishika.

"Ya nini sasa, kipenzi? Hiyo bado ina nguvu. Sisi tunataka kuoana, hatuna hata kitanda."

Neno kuoana Mhariri alikuwa amelingoja muda mrefu, na sasa limekuja.

"Umesema tunataka nini?"

"Umesikia."

Akiba ikaenda kwenye kitanda cha mbao ngumu, Bisibisi akaongezea kilichopungua. Kikasimamishwa ukutani chumbani kwa Mhariri, kimefungwa plastiki, na dada mkubwa akaweka sharti kwamba plastiki isiguswe mpaka ndoa ifungwe. Mhariri alikuwa akikipitia kila asubuhi na kukipiga kofi dogo. Bisibisi alimwomba radhi moyoni, akaendelea kunyamaza.

Kisha ikaja kazi ya shirika. Filamu fupi, ya majaribio. Ikipendeza, wangempa kazi zao zote za mwaka. Mhariri aliihangaikia mpaka macho yakawa mekundu. Siku ya kuiwasilisha, kompyuta ikiwa inaitoa video nzima na imefika nusu, mistari ya kijani ikapita kwenye kioo, na kioo kikawa cheusi.

"Fundi wangu, imezima! Saa nane wanaingoja!"

"Ipumzishe, mpenzi, ipoe. Nimepeleka mzigo kwa mteja, nikimaliza nakuja."

Haikupoa wala haikuamka. Mhariri akaichomoa, akaiviringisha kwenye taulo lilelile, akakimbia mpaka kwenye ujia. Meza ya Bisibisi ilikuwa tupu. Mama Lenzi akamwona anavyotweta, akanyoosha mkono, akavaa kioo chake cha kukuzia.

"Mwanangu, hii kakuuzia nani?"

"Kwa nini, mama?"

"Ni yangu. Alama hii niliikwangua mimi, nikaitupa. Tazama hapa palivyobadilika rangi. Imepigwa moto."

"Aliyeipiga moto alijua itakufa?"

Mama Lenzi akavua kioo chake taratibu. Akatazama meza ya jirani, akamtazama binti, akaelewa. "Pole, mama," akasema.

Bisibisi alimkuta amesimama mbele ya meza yake, kadi imewekwa wazi juu ya taulo. Hakuhitaji kuambiwa.

"Nisikilize, mpenzi."

"Uliniuzia kitu kilichokufa."

"Ulikuwa unaondoka! Kwa bajeti ile nilikuwa na ile ndogo tu, na wewe ukasema unakwenda mbele. Niliogopa nisikuone tena."

"Nilikuwa nakwenda mbele nione bei, kisha nirudi," alisema Mhariri, na sauti yake ikakatika. "Nilishakupenda uliponiuliza marehemu ni nani yangu. Ungeniambia chukua ndogo, ningechukua ndogo. Na ile siku ya akiba, je? Siku ile nilikuwa naondoka kwenda wapi?"

Mhariri akachukua taulo lake, kadi akaiacha mezani, akaondoka.

Kazi ya shirika ilipewa mtu mwingine. Bisibisi alipiga simu mpaka akaona haya, akamtuma dada mkubwa, naye akarudi na salamu zilezile alizotumwa. Mwishowe akakopa kwa muuzaji wa jumla kadi mpya, ya feni tatu, ya ndani ya boksi, akaiweka juu ya meza na kungoja. Alijua Mhariri atakuja tu, kwa sababu bila kadi hana mlo.

Alikuja mchana, amevaa gauni la manjano, kilemba safari hii kimefungwa kikakazwa.

"Hii ni yako," Bisibisi alisema haraka, akisukuma boksi. "Sitaki hata senti. Na ukinikubali bado, kesho wazee wangu wanakuja kwenu."

Mhariri hakuligusa boksi. Akaelekeza kidole kwenye kabati la kioo. "Naomba ile ndogo."

"Ile itakuchelewesha kazi, kipenzi."

"Najua. Bei gani?"

Akamtajia. Mhariri akatoa pesa, kisha akatoa bahasha na kuiweka pembeni. "Na hii ni sehemu yako. Nimeuza kitanda."

"Kitanda chetu?"

"Plastiki ilikuwa haijatolewa, kikapata bei nzuri."

Bisibisi aliishika meza kwa mikono miwili. Jirani yake, Mama Lenzi, akajifanya anatafuta kitu chini. Mhariri akasubiri kadi ijaribiwe kwenye mashine, akaangalia picha ikitokea safi, akatikisa kichwa kukubali.

"Niandikie risiti."

Kitabu cha risiti kilikuwa na vumbi. Akakipangusa kwa mkono wa shati lake jeupe, akaandika bidhaa, akaandika bei, kisha kalamu ikasimama. "Jina niandike nani?"

"Andika mteja."

Akaandika. Mhariri akaisoma neno kwa neno, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa gauni, kadi akaiviringisha kwenye taulo. Alipogeuka kuondoka, machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyaficha.

"Ikisumbua, nipigie," Bisibisi alisema, karibu kwa kunong'ona.

"Ikisumbua," alijibu bila kugeuka, "ninayo risiti."