Tita la Majani Thelathini na Tano

Genoveva na Mwahija walikuwa majirani katika mtaa wa Mtanda, mjini Lindi. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa makuti, na makuti yenyewe yalikuwa yamechakaa hata mtu akaweza kupitisha mkono. Kila asubuhi mkono wa Mwahija ulitokea pale na bakuli.

"Shoga, chukua tui. Leo nimekuna nazi mbili."

"Na wewe chukua mihogo hii. Imeletwa jana kutoka kwetu Mtama."

Genoveva alikuwa Mmwera na Mkatoliki. Mwahija alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Kilwa Kisiwani. Genoveva alipojifungua binti yake Rosalia, ni Mwahija aliyemkanda kwa maji ya moto. Mwahija alipofiwa na mama yake, Genoveva aliteka maji ya msiba siku tatu mfululizo.

Waume zao walikuwa marafiki pia. Ambrosi, mume wa Genoveva, na Mfaume, mume wa Mwahija, walikuwa wakata mkonge katika shamba moja kubwa nje ya mji. Walikata mistari miwili iliyopakana. Mmoja akianza wimbo, mwenzake alimjibu bila kuinua kichwa.

Kazi ya siku ilijulikana. Mkataji alikata majani ya mkonge, akayafunga matita. Kila tita lilikuwa na majani thelathini. Akimaliza matita sabini, nyapara alimtilia alama katika kipande, ile kadi ya kazi. Asipomaliza, siku ile haikuhesabiwa. Ilikuwa kama hakufanya kazi kabisa.

Mwaka 1954, baada ya masika, mambo yalibadilika. Asubuhi moja nyapara alisimama mbele ya wakataji.

"Kuanzia leo tita ni majani thelathini na tano," alisema. "Meneja ndiye aliyesema."

Watu walinung'unika, lakini wakainama kukata. Zamani walimaliza kabla ya adhuhuri. Sasa jua lilipinda wakiwa bado shambani. Siku za Ijumaa Waislamu walichelewa sala. Siku za Jumapili wengine walirudi shambani kumalizia kazi ya Jumamosi, na Wakristo wakakosa misa.

Ambrosi alimuuliza nyapara sababu.

"Waulize Waislamu wenu," nyapara alijibu. "Kila Ijumaa wanakimbilia msikitini. Nani atafidia kazi yao?"

Siku ya pili Mfaume naye aliuliza. Nyapara alimwambia, "Waulize Wakristo. Ni wao wanaotaka Jumapili nzima ya kupumzika."

Kila mmoja aliyaweka maneno hayo moyoni, na nyimbo zikakoma. Siku moja Ambrosi alikuta matita yake mawili yamesogezwa upande wa Mfaume.

"Umeyachukua wewe!" alisema.

"Mimi mtoto wa Kilwa, niibe majani?" Mfaume alifoka. "Kwetu sisi ni waungwana. Ninyi watu wa bara ndio mmeleta tabia hizo!"

Ambrosi aliinua panga. Mfaume akainua lake. Wenzao waliruka, wakawashika mikono. Baadaye ilijulikana kwamba mpakizi wa mizigo ndiye aliyeyasogeza matita yale ili apate njia. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha tamkwa.

Nyumbani, Ambrosi alimwambia mkewe, "Mama Rosalia, sitaki kuona bakuli la watu wale humu ndani." Upande wa pili wa ua, Mfaume alisema maneno kama hayo. Akaleta na makuti mapya, akauziba ua wote.

Genoveva alilia. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na hakuwa na ndugu mjini. Alipoifikiria siku ya uchungu, aliyemwona kando ya kitanda ni Mwahija tu. Mumewe naye hakuwa mtu yule aliyemjua. Alikula kimya, akageukia ukutani. Siku moja alisema anataka kuacha kazi na kurudi Mtama peke yake.

Genoveva alikwenda kwa Mwalimu Kibwana. Mwalimu huyu alikuwa karani wa Ustawi wa Jamii. Kila Jumamosi alasiri aliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na wao wanne walikuwa wanafunzi wake mpaka ugomvi ulipozuka. Serikali ilikuwa imempeleka Uingereza mwaka mmoja kusomea habari za jamii. Alirudi na sanduku la vitabu na koti zito lisilo na kazi Lindi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Mbona macho mekundu?"

Genoveva alimweleza yote. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Jumamosi mje wote," alisema. "Wewe mlete wako. Mwahija nitamwambia mwenyewe amlete wake."

Jumamosi walikuja. Ambrosi alikaa ukutani kushoto, Mfaume ukutani kulia. Wake zao walikaa benchi moja la nyuma, wakashikana vidole chini ya kanga.

Mwalimu Kibwana hakufungua kitabu cha kusoma. "Leo nitawasimulia wataalamu watatu wa Ulaya," alisema. "Wote wamekufa zamani. Kila mmoja aliuliza: kwa nini watu wanaishi pamoja namna hii, na kwa nini wanagombana?

"Wa kwanza alikuwa Mfaransa. Alisema jamii ni zaidi ya mtu mmoja na mtu mmoja. Bwana Ambrosi, ukiwa Mtama nani alikufundisha kumwamkia mkubwa?"

"Wazee. Watu wote."

"Ukipita bila kumwamkia?"

"Naona haya, hata kama hakuna aliyeniona."

"Haya. Hiyo ni jamii inayokaa ndani yako. Wewe hukuitunga. Uliikuta. Mtaalamu yule alisema pia kwamba watu wakisali pamoja, wakiimba pamoja, wanapata nguvu ambayo mtu mmoja hana. Bwana Mfaume, ukitoka sala ya Ijumaa unajisikiaje?"

Mfaume alifikiri. "Mwepesi. Kama mgongo hauumi."

Ambrosi alisema kwa ghafla, "Hata mimi nikitoka misa." Kisha akageuza uso, kama aliyejutia.

"Lakini mwalimu," Mfaume aliuliza, "mtu huyo anasema hakuna Mungu, ni watu tu?"

"Habari za Mungu muulize sheikh, na Ambrosi amuulize padri. Mtaalamu huyu yeye alitazama wanaosali, akaona wanavyoshikana. Tena alisema mtu akihama, desturi za zamani zikaachwa nyuma na mpya bado hajazishika, hupotea. Hukasirika hata na kivuli chake. Mtu wa namna hiyo asinyang'anywe sala wala majirani. Ndivyo vinavyomshikilia."

Genoveva alimtazama mumewe. Ambrosi alitazama miguu yake.

"Wa pili alikuwa Mjerumani mwenye ndevu nyingi. Yeye aliuliza: nani ana kitu, na nani ana mikono tu? Shamba la mkonge ni la nani?"

"La kampuni," watu walijibu.

"Na mashine ya kukwangua majani?"

"Ya kampuni."

"Ninyi mna nini?"

"Mikono," alisema Ambrosi.

"Basi ninyi nyote ni tabaka moja, watu wanaoishi kwa kuuza nguvu za mikono. Mwenye shamba anataka majani mengi. Mkataji anataka kufika nyumbani akiwa mzima. Hapo ndipo penye mvutano. Sasa niambieni. Msikiti uliongeza majani kwenye tita?"

"Hapana."

"Kanisa?"

Mfaume alikuna kidevu.

"Fanyeni hesabu," mwalimu aliendelea. "Matita sabini, kila tita majani matano zaidi. Ni majani mangapi?"

Ambrosi aliandika ubaoni polepole. Chaki ilivunjika, akaokota kipande. "Mia tatu na hamsini," alisema. Akarudi nyuma hatua moja kuitazama hesabu ile. "Kila siku! Ni zaidi ya matita kumi na moja ya zamani!"

"Mkatoliki anakata mangapi ya ziada?"

"Mia tatu na hamsini."

"Na Mwislamu?"

"Hayo hayo," Mfaume alijibu kwa sauti ndogo.

"Mtaalamu wa tatu naye alikuwa Mjerumani. Alisema mali peke yake haitoshi kueleza kila kitu. Iko pia heshima. Bwana Mfaume ana heshima yake mtaani, ni mtu wa mji wa zamani. Ambrosi naye anaheshimiwa kanisani. Heshima hizo ni za kweli. Lakini shambani nyapara anawapima kwa tita moja. Tena alisema amri ziko za namna mbalimbali. Mzee wa ukoo anatiiwa kwa sababu ya desturi. Mtu mwingine anatiiwa kwa ajili ya mvuto wake tu. Lakini ofisi inatawala kwa sheria zilizoandikwa. Hata mkubwa wa ofisi amefungwa na karatasi. Amri hii ya majani matano imeandikwa wapi?"

Watu walitazamana.

"Sijui," alisema Ambrosi. "Kuna ubao ukutani kwenye ofisi ya shamba. Sijawahi kuusoma."

"Sasa unaweza kusoma."

Darasa lilipokwisha, Ambrosi alisimama mlangoni. Mfaume alipofika, alimzuia kwa mkono.

"Kaka, lile neno la wizi nimelifuta."

"Na mimi la watu wa bara nimelifuta," Mfaume alisema. "Lilinichoma mwenyewe usiku kucha."

"Panga langu ningelishusha wapi, Mfaume? Watoto wako wananiita baba."

Mfaume alimshika bega, wakatoka pamoja.

Jumatatu, kabla ya kazi, walikwenda ofisini wakiwa wawili. Ambrosi aliweka kidole kwenye ubao. Alisoma silabi kwa silabi. "Ka-zi ya si-ku. Ma-ti-ta sa-bi-ni. Ki-la ti-ta, ma-ja-ni the-la-thi-ni." Alirudia mara mbili. Chini palikuwa na mhuri.

Habari ilienea katika mistari yote. Wakataji walichagua watu sita, Waislamu watatu na Wakristo watatu. Mwalimu Kibwana aliwasaidia kuandika barua kwa Afisa wa Kazi wa serikali. Hawakutukana wala kutisha. Waliandika yaliyo ubaoni, wakaandika na yanayofanyika shambani. Kisha kila mtu akatia sahihi au dole gumba.

Nyapara alipopata habari alimwita Ambrosi kando. "Utafukuzwa wewe. Mkeo mjamzito, utampeleka wapi?"

Ambrosi alimfikiria Genoveva na Rosalia. Lakini Mfaume alikuwa amesimama nyuma yake, na nyuma ya Mfaume walisimama wakataji wengine, mapanga wameyaweka chini.

"Ukimfukuza yeye, tufukuze wote," Mfaume alisema. "Utakata mkonge na nani?"

Nyapara aliondoka.

Wiki mbili zilipita. Zilikuwa wiki ndefu. Kila alipoitwa jina, Ambrosi alidhani amefukuzwa. Hatimaye Afisa wa Kazi alikuja shambani na daftari lake. Alifungua matita kumi, akahesabu jani moja moja. Kisha akamwuliza meneja, "Amri ya thelathini na tano imeandikwa wapi?"

Meneja alimtazama nyapara. Nyapara alitazama viatu vyake. Haikuwa imeandikwa popote. Afisa aliagiza tita lirudi majani thelathini. Akasema pia kwamba kama shamba likitaka kubadili, litangaze kwa maandishi na wakataji waulizwe kwanza.

Siku ile Ambrosi alifika nyumbani adhuhuri. Genoveva alikuwa akitwanga. Alipomwona aliangusha mchi.

"Baba Rosalia! Wamekufukuza?"

"Wamenihesabia," Ambrosi alisema. "Nimemaliza. Lete mchi huo, wewe kaa."

"Wewe utwange? Watu watasema nini?"

"Waseme. Jamii inaweza kuzoea."

Genoveva alicheka mpaka akashika tumbo. Jioni Mfaume mwenyewe aling'oa yale makuti mapya.

Mwezi uliofuata Genoveva alipata mtoto wa kike, na Mwahija alikuwa kando ya kitanda. Walimwita Romana. Alipotimiza siku arobaini, wanawake hao wawili walirudi darasani, mtoto akiwa mgongoni kwa Mwahija. Mwalimu alifurahi. Aliuliza kama kuna mwenye swali juu ya wataalamu wale watatu.

Genoveva aliinua mkono.

"Mimi nina swali, mwalimu. Waume zetu walipogombana, ua ulizibwa. Mwahija alinipitishia uji kwa mlango wa nyuma. Mimi nilimtekea maji. Tulificha kama wezi. Kama tungeacha, hata wao wasingepata pa kurudia. Na kila alfajiri mkata mkonge anaondoka ameshiba, nguo zimefuliwa, mtoto ametulizwa. Hao wataalamu wameandika nini juu ya kazi hiyo?"

Mwalimu Kibwana alifikiria vitabu vyote vya sandukuni, kimoja baada ya kingine.

"Kidogo sana, mama," alisema mwishowe. "Kwa kweli, kidogo sana."

Mwahija alimpandisha Romana mgongoni, akakaza kanga.

"Basi hawajamaliza," alisema. "Tupe chaki."