Kwa Nini Daktari Anataka Tezi za Spana?

Kila asubuhi fundi Spana huanza kazi kwa kusikiliza. Mteja akiwasha gari, yeye huinamisha kichwa, hufumba macho, kisha hutaja ugonjwa. Watu humcheka, lakini magari hurudi barabarani yakiwa mazima.

Mwili wake mwenyewe hakuusikiliza. Alipoona damu kwenye mkojo hakuumwa popote, na baada ya siku chache damu ikakata. Akasema imepona yenyewe. Iliporudi, mkewe alimshika mkono mpaka hospitali. Huko waligundua saratani imeingia kwenye msuli wa kibofu cha mkojo. Alipewa dawa kwa dripu, na sasa upasuaji umekaribia. Kibofu kitatolewa, na mkojo utatokea tumboni kwenye mfuko maalumu.

Lisilobudi hutendwa. Hilo Spana alilikubali, ingawa kwa shingo upande. Lililomkwama kooni ni jingine: daktari alitaka kutoa pia tezi za limfu, vile vinundu vidogo vya nyongani, kushoto na kulia.

"Picha imeonyesha hazijavimba," alimwambia mkewe pale gereji. "Kitu kizima hakifunguliwi. Ukikifungua, hakirudi kilivyokuwa. Nitamwambia aziache."

"Mwili wako si gari, baba watoto."

"Ufundi ni ufundi tu, mama."

Jirani yao alikuwa benchini akisubiri gari lake. Yeye hufanya kazi maabara ya hospitali, hupima vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa. Alimtazama Spana anavyobana chujio kuukuu la oili kwenye jiliwa na kulikata kwa msumeno.

"Mzee, si la kutupa hilo? Unalikatia nini?"

"Natafuta chenga za chuma, binti yangu. Injini ikianza kusagika, chenga hunasa humu kabla hujasikia kelele."

"Kwa nje huzioni?"

"Kwa nje ni bati tu."

"Basi mbona unamkataza daktari asikague vichujio vyako?"

Spana aliuacha msumeno. Mkewe alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Tezi nazo huchuja," jirani alisema. "Majimaji yanayotoka sehemu za kibofu hupita humo. Chembe za saratani zikitoroka, mara nyingi hunasa kwenye tezi za karibu. Picha inaweza kuona tezi iliyovimba, lakini chembe chache haizioni. Sisi tunazikata nyembamba, tunazitazama kwa hadubini. Tukikuta saratani, daktari anajua unahitaji matibabu zaidi."

"Na mimi nibaki bila vichujio?"

"Tezi unazo nyingi kwingine. Ila miguu inaweza kuvimba, au maji yakajikusanya nyongani. Muulize daktari kabla hujaweka sahihi. Kuuliza si ujinga."

Spana aliuliza mpaka daktari akavuta kiti. Tezi zipi hasa? Mtaishia wapi? Nani atazitazama? Daktari alimchorea kibofu na njia za majimaji. Spana aliigeuzageuza ile karatasi kwa hamu, akauliza tena, kisha akaweka sahihi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Majibu ya maabara yalipotoka, tezi zote zilikuwa safi isipokuwa moja, ndogo kama punje ya dengu. Hiyo ilikuwa na saratani. Mkewe alilia. Spana naye aliogopa, wala hakuficha. Daktari akamwanzishia dawa ya kuisaidia kinga ya mwili kupambana na chembe zilizobaki.

Sasa Spana amezoea mfuko wake, na amerudi gereji kwa nusu siku. Bado huenda kupimwa. Safari ya mwisho daktari alisema haoni saratani popote. Mume na mke walitoka nje, wakasimama kwenye ngazi za hospitali.

"Ile tezi moja," Spana alisema, "ndiyo niliyotaka tuiache ndani."