Tabasamu la Upande Mmoja

Chumba cha kungojea cha daktari wa meno kilikuwa kimefurika, na nafasi iliyosalia benchini ilikuwa moja tu, kando ya seremala kijana aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa vyema. Mshona mapazia, binti wa gauni la samawati, akaketi hapo huku ameshika shavu. Jua lilichujika katika pazia jepesi, likawafunika wote wawili kama usingizi wa alasiri.

“Pole, dada. Jino?”

“Mzizi wake umeoza, wanasema. Wataling'oa?”

“Wanaliokoa, kama walivyonieleza kuhusu langu. Unadungwa sindano ya ganzi, linatobolewa tundu dogo, mshipa ulioharibika unatolewa, mizizi inasafishwa, kisha linazibwa kwa muda. Siku nyingine unarudi kumaliziwa.”

“Na maumivu?”

“Kidogo, ganzi ikiisha. Mguu wa kiti ukiliwa na mchwa hatutupi kiti, dada. Tunakwangua uozo, tunajaza, watu wanakalia.”

“Kwa hiyo mimi ni kiti?”

“Cha sebuleni,” alijibu kwa adabu.

Binti akacheka, shavu likasahaulika. Wakapeana namba za simu. Seremala alipoitwa, binti akamwambia, “Ukitoka, nitabasamie. Nikiona umetabasamu, nitaingia bila woga.”

Alipotoka, alimtafuta kwa macho, akatabasamu kwa moyo wake wote. Lakini nusu ya mdomo ilikuwa imelala kwa ganzi. Kona moja tu ndiyo iliyopanda, tabasamu likageuka kebehi, na mwenyewe hakujua. Binti akaona anabezwa mbele za watu kwa uoga wake. Akachukua mkoba, akatoka na jino lake bovu.

Hajavuka barabara, simu ikalia.

“Mbona umeniacha?” Sauti ilikuwa nzito, ya kukokota.

“Hata kuzungumza nami, unazungumza kwa pembe ya mdomo.” Akakata.

Tangu hapo, kila alipoinua kitambaa dirishani kukipima, mwanga ulimrudisha kwenye lile benchi. Simu zilipoita hakupokea. Jino nalo likazidi kuuma, hata shangazi aliyemlea akamshika mkono.

“Twende. Jino halijui kununa, mwanangu.”

Ndani, kila hatua ilikuwa vilevile alivyoelezwa na seremala, na ukweli huo ulimchoma kuliko sindano. Alipotoka, alimtabasamia shangazi ili amtoe hofu.

“Unanibeulia midomo mimi, niliyekulea?”

Binti akageukia kioo cha ukutani. Kona moja ilikuwa juu, nyingine imelala. Kebehi ileile.

Akampigia seremala simu. Mlio ukaitikia nyuma yake, benchini: seremala alikuwa amekuja kumaliziwa jino.

“Nilikudhania vibaya,” binti alisema, ulimi mzito.

Kijana akautazama mdomo wa binti. “Kumbe ndivyo nilivyokuwa?”

“Ndivyo.”

“Basi ningekimbia hata mimi.” Akainuka, akamgeukia shangazi. “Shikamoo, shangazi. Naomba ruhusa nije nyumbani na wazee wangu.”

“Marahaba. Mwanangu, wasemaje?”

Binti akaitikia kwa kichwa.

“Jibu la mwenye ganzi silipokei,” shangazi akasema. “Njoo Jumapili, mdomo ukiwa umeamka.”

Mlango ukafunguliwa, seremala akaitwa.

“Ukitoka,” binti alimwambia taratibu, “nitabasamie. Kwa upande wowote utakaokuwa macho.”