Ambari ya Bibi Harusi

Biubwa alikutwa amekufa kwa moto nyuma ya mlango wa chumba chake, kucha zimevunjikia kwenye mbao. Ilikuwa siku ya tano ya fungate, mchana kweupe, Kisarawe nzima iko macho.

Mlango ulifungwa kwa nje. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la khanga ya wifi yake, Firdausi, aliyekuwa kisimani. Ndiyo desturi ya nyumba ile: bibi harusi hufungiwa, asichunguliwe. Lakini jana yake mawifi hao walirushiana maneno, majirani wakasikia. Basi watu wakahukumu kabla polisi hawajafika.

"Huyu ndiye kamuua mdogo wangu!" alifoka Shabani, kaka wa marehemu, mkono wa kulia umefungwa bandeji. "Anyongwe!"

Firdausi akapelekwa mahabusu Kibaha. Kesho yake angesomewa shitaka la mauaji.

"Afande, mlango nilifunga mimi," alimwambia Inspekta Modesta. "Moto sikuutia. Nani ataniamini?"

Modesta alimwamini, na hilo lilimtesa, maana hakuwa na la kumwonyesha hakimu. Alirudi Kisarawe. Chumbani hakukuwa na kiberiti, mshumaa wala waya wa umeme. Madirisha yalikuwa ya nondo. Moto ulianzia ndani ya sanduku la nguo. Dirishani palikuwa na gilasi ya maji, na ndani yake kipande cha kitu kama nta.

"Ambari hiyo, manukato ya baharini," alisema mama mkwe. "Kaka wa marehemu aliiokota ufukweni Dar. Nusu yake marehemu aliiweka kwenye nguo zinukie, kama tunavyofanya siku zote."

Maabarani, mkemia Nyanda alikata punje, akaifuta maji, akaiweka kwenye kisahani.

"Subiri, Afande."

Punje ikafuka moshi mweupe. Mara ikawaka, hakuna aliyeigusa.

"Hii si ambari. Ni fosforasi nyeupe. Huwekwa kwenye mabomu ya moshi ya ishara, ya melini, kisha bahari huitupa ufukweni. Ndani ya maji haina neno. Ikikauka inawaka yenyewe, na ikimpata mtu inang'ang'ania mwilini."

Modesta aliukumbuka ule mkono wa Shabani. Alimwita kituoni jioni hiyohiyo.

"Mkono umefanyaje?"

"Chai ilinimwagikia."

Modesta alifungua bandeji. "Chai haichimbi nyama hivyo. Na mfuko wa suruali yako?"

"Mfuko gani?"

"Wa kulia. Tumeikuta suruali kwako, mfuko umeungua. Nayo ni chai?"

Shabani alitazama mlango. Askari alikuwa amesimama hapo.

"Iliniwakia njiani," alisema taratibu. "Mvuvi mmoja akanipa chupa ya maji, akaniambia nisiitoe humo."

"Ulijua, basi. Ukampa mdogo wako."

"Kaka wa bibi harusi aende mikono mitupu, Afande? Nilishatangaza kwa wakwe kwamba naleta ambari. Wangenicheka mpaka nakufa."

"Na Firdausi? Ungemwacha anyongwe?"

"Ningesema nini? Ningeanzia wapi?"

Modesta alimwandikia Firdausi hati ya kuachiwa palepale, kisha akaweka kalamu chini.

"Biubwa alijua isitolewe majini?"

Shabani alianza kulia.

"Aliinusa mbele ya wakwe zake. Akaniuliza, 'Kaka, mbona hainukii?' Wote wakanigeukia, wanangoja." Alijifuta uso. "Nikamwambia, 'Itoe majini. Ikikauka itanukia.'"