Kipimo cha Gurudumu la Nne

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa na kazi tatu: kufagia ua, kujaza ndoo mbili bombani, na kumtia bibi yake dawa ya matone machoni. Nyumbani walimwita Karani, kwa sababu hati yake ilikuwa nzuri kuliko ya mtu yeyote pale. Jina hilo alilipenda, na lilikuwa limeanza kumvimbisha kichwa.

Alhamisi moja aliongezewa kazi ya nne. Gari la mama yake, kuukuu lakini lenye kutunzwa, lilikuwa limeanza kulala upande wa kulia, kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Jumamosi lilitakiwa kumpeleka bibi kwa daktari wa macho, mwendo wa saa tatu. Bibi alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa miezi mitano.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa fundi wa magari, naye alikuwa na utaratibu wake. Gari likiinama, hakufungua bolti hata moja kabla ya kupewa vipimo vinne. Vipimo hivyo vichukuliwe nyumbani, asubuhi, gari likiwa tupu juu ya sakafu iliyo sawa, maana ardhi ya gereji yake ilikuwa na mabonde.

"Macho siyaamini, hata haya yangu," alizoea kusema. "Nileteeni namba."

Basi Karani alitoka na utepe wa kushonea wa bibi, daftari na kalamu. Alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Mbele kushoto, sentimita thelathini na nane. Mbele kulia, thelathini na sita. Nyuma kushoto, thelathini na nane.

Gurudumu la nne lilikuwa karibu na bomba. Maji yalikuwa yametuama pale juu ya saruji, meusi kwa tope. Ili kulipima ilimbidi apige magoti. Akatazama soksi zake nyeupe, akatazama lile dimbwi, kisha akaandika: nyuma kulia, thelathini na nane. Hati yake ilikuwa safi kama ilivyokuwa siku zote.

Kesho yake, alipotoka shule, alimkuta mama yake gerejini, amekaa juu ya tairi kuukuu. Mjomba alikuwa chini ya gari, miguu tu ikionekana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Karani. Daftari lako limenitoa jasho leo!"

Alijitoa kwa mgongo, akaketi na kujipangusa mikono. Uso wake haukuwa na utani tena.

"Dada, namba zinasema tatizo liko mbele kulia. Nimeshusha springi nzima nzima. Nimekagua shokabsoba inayozuia mtikisiko, nimekagua mikono inayoshika gurudumu. Hakuna kilichovunjika. Nimerudisha kila kitu, na gari bado limelala. Tangu saa nne asubuhi!"

"Nyuma je?"

"Nyuma kote thelathini na nane. Kumesimama sawa."

Mama aliinuka, akakung'uta sketi yake. "Basi, kaka, liache. Tutakwenda hivyo hivyo. Nafasi ya mama nikiipoteza kesho, sijui nitaipata lini tena. Kuinama tu hakujaua mtu."

Karani alilitazama gurudumu la nyuma kulia. Aliwaza bibi akiwa kiti cha nyuma, upande wa kulia, mahali anapopenda kukaa. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona kwenye lile dimbwi.

"Mjomba," alisema. "La nyuma kulia sikulipima."

"Unasemaje?"

"Palikuwa na tope. Niliandika tu kama la kushoto."

Mjomba hakumgombeza. Alichukua utepe, akapiga goti nyuma ya gari, akapima mara mbili.

"Thelathini na tatu," alisema polepole. "Mabonde ya hapa hayawezi kula sentimita tano."

Alilipandisha gari kwa jeki, akaliweka juu ya stendi, akavua gurudumu. Springi ilikuwa imekatika mzunguko wa chini, ndani ya kikalio chake, kile kikombe kinachoishikilia, mahali ambapo jicho halifiki upesi. Ncha yake ilikuwa imetoka nje, kali kama msumari, nayo ilikuwa imechimba mfereji ubavuni mwa tairi. Nyuzi za ndani ya tairi zilionekana.

"Nyuma ndiko kulikozama, mbele kukavutwa kidogo," alisema mjomba. Alitia kidole katika ule mfereji. "Kwa barabara ya kesho, tairi hili lisingefika. Nami nina kosa langu. Nilipoona namba hazikubaliani na gari, nilipaswa kupima upya."

Hadi jioni alikuwa ameweka tairi jipya na springi mbili mpya za nyuma, maana mpya na iliyochoka hazisimami sawa.

Alfajiri ya Jumamosi Karani hakusubiri kutumwa. Alipiga magoti katika lile dimbwi, soksi zikaloa hadi vifundoni. Thelathini na nane. Akapima tena. Thelathini na nane.

Kisha akaenda kumtia bibi matone, na akamweleza yote, hata habari ya soksi. Bibi alisikiliza huku amekiinua kichwa, machozi ya dawa yakimtiririka.

"Mjukuu wangu," alisema, "miezi hii yote wewe ukiniambia chupa ni hii, mimi nafumbua jicho. Sikuulizi umesoma maandishi yake au umekisia."

"Nimesoma, bibi. Kila siku nasoma."

"Najua. Mjomba wako naye alilisoma daftari lako hivyo hivyo. Mtu akikwambia mpimie au msomee, ameazima macho yako. Kama hukuona, mwambie sikuona. Hiyo si aibu. Aibu ni kuandika usichokiona."

Alinyoosha mkono, akapapasa hadi akaishika soksi iliyoloa.

"Haya, kabadilishe," alisema, "kisha uje unishike mkono hadi garini."