Namba Kumi na Saba Nyuma ya Nyumba ya Mzee Mseti

"Masatu! Toka nje kabla sijaingia mwenyewe!"

Sauti ya Wankyo ilipita juu ya mngurumo wa mashine za kuchambulia pamba. Mimi nilikuwa karani wa mizani pale kiwandani Bunda, penseli sikioni, kidato cha nne kichwani, mshahara mdogo mfukoni. Nikatoka mbio. Alikuwa ameshuka kwenye lori la pamba, nyuzi nyeupe zimemjaa nywele nzima.

"Eh! Jumapili ulikuwa binti, leo umeshakuwa bibi?" nikamtania.

"Leo sicheki. Baba anang'oa mabati."

"Mabati gani?"

"Ya nyumba, Masatu! Yaliyo juu ya kitanda changu! Kesho asubuhi tunahamia Tarime kwa baba mkubwa. Na huko kuna mtu ana ng'ombe wengi kuliko meno yako, ameshaniulizia mara mbili."

"Lakini wazee wangu wa Nyegina si wanakuja wiki ijayo kujitambulisha?"

"Waje. Watajitambulisha kwa kuta."

Nikacheka peke yangu. Kicheko kikaishia njiani.

"Sasa mzee anahama kwa nini?"

"Tumeandikwa. Pale nyuma ya nyumba, kwenye lile jiwe linalolia. Chokaa nyeupe, kumi na saba. Tena aliyeandika hana haya, kaichora vizuri kama anamwandikia mchumba."

Hapo penseli ikadondoka sikioni.

Ngoja nieleze, maana ukiniona nimeduwaa utadhani nina deni la watu. Mwaka ule wa sabini na nne ilikuwa Operesheni Vijiji, watu wanahamishwa kwenye maboma yao wakakae pamoja vijijini. Wapimaji walipita na chokaa, wanapaka mti huu, wanapaka mwamba ule, wanaondoka bila kuaga. Waliobaki wanaulizana. Kuna waliosema ukipakwa unahama. Kuna waliosema asiyepakwa ndiye anayehama. Kuna mzee mmoja alimpaka chokaa mbuzi wake, ili yakitokea ya kutokea awe pande zote mbili.

Mimi nilikuwa na ugonjwa wangu mwingine. Kila nikipata siku ya mapumziko nilikuwaga juu ya baiskeli, natafuta mahali. Simaanishi mahali pa kwenda. Mahali penyewe. Shimo nyuma ya Butiama linalopumua hewa baridi kama mtu aliyelala. Mwamba wa Musoma uliosimama ziwani peke yake, wenye kiti kilichochongwa na mawimbi, ukikaa unaona mji mzima na mji haukuoni. Kichaka karibu na Bunda ambacho mwangwi wake unarudi umechelewa, kana kwamba kuna mtu anafikiria kwanza ndiyo ajibu. Ukipata mahali kama hapo moyo unaruka. Unajiuliza: hivi watu wanapitaje hapa wakiwaza bei ya chumvi tu?

Kila mahali niliokota kokoto moja, nikaiweka kwenye kreti la soda la mbao, lile lenye vyumba vyumba. Chumba cha kwanza, mahali pa kwanza, na kuendelea. Usiku mwingine nazipapasa tu, naenda safari bila kuinuka kitandani. Tatizo, miamba ya Mara inafanana kama watoto wa baba mmoja. Nilishawahi kushangilia mahali papya, kumbe nilishapashangilia mwaka jana. Ndiyo maana nikanunua kopo la chokaa. Nikipata mahali, napaka namba yake.

Na mahali pa kumi na saba palikuwa jiwe la nyuma ya kwa mzee Mseti, linalolia kama kengele ukiligonga. Siku nilipolipata nililigonga kama mwendawazimu, hadi msichana mmoja akatokeza na ndoo kichwani.

"Kaka, umepotea au umechizika?"

Ndiye huyu aliyesimama mbele yangu na pamba kichwani. Namba yenyewe nilikuja kuipaka Jumapili iliyopita, jioni, nikitoka kumsindikiza.

"Wankyo," nikasema polepole, "ile namba ni yangu."

"Yako kivipi? Wewe ni serikali?"

"Mimi ni Masatu. Nilipaka. Kwa ajili ya kreti."

Nilisubiri kofi. Halikuja, na hilo likanichanganya zaidi.

"Yaani baba yangu anaacha kaburi la mama yake kwa sababu ya *kreti*?"

"Sikujua kama..."

"Nyamaza. Lori linarudi tupu sasa hivi. Pakia baiskeli. Na hilo kreti lako lichukue."

"Kreti la nini tena?"

"Masatu, wewe ukifikiria ndiyo tunafika hapa. Lichukue."

* * *

Tulimkuta mzee Mseti juu ya paa, nyundo mkononi. Nusu ya nyumba ilikuwa wazi. Mama Wankyo alikuwa amekaa uani kwenye sanduku la nguo, anamtazama mumewe kama mtu anayetazama mbuzi aliyepanda meza.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba. Nani huyo, yule mla furu, visamaki vya ziwani, wa Nyegina? Kama umekuja kuaga, aga upesi. Kama umekuja kusaidia, pokea bati."

Nikapokea bati. Nikiwa nalo kichwani, nikasema:

"Mzee, usihame. Ile namba niliandika mimi."

Nyundo ikasimama. Mzee akainama, akanichungulia kupitia kwenye kenchi.

"Umesema?"

"Niliandika mimi. Ni mchezo wangu tu, natafutaga mahali pazuri. Serikali haihusiki."

Nilisubiri nyundo inishukie. Badala yake mzee akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mama Wankyo, unamsikia huyu? Anataka binti hadi anajibebesha makosa ya wakubwa!"

"Nimemsikia," mama akajibu. "Anadanganya vizuri. Baba yake Wankyo hakuwahi hata kunidanganyia kikapu cha viazi."

"Mzee, sidanganyi!"

"Kijana, moyo wako nimeupenda. Kweli nimeupenda. Ungekuwa na ng'ombe kama ulivyo na moyo, tungeongea. Lakini mimi nahama. Pokea bati lingine."

Nikapokea bati la pili. Nimesema ukweli nikasifiwa kwa uongo. Nikamwangalia Wankyo, naye akaangalia juu, akaangalia chini, akakosa pa kuangalia.

Hapo ndipo katibu wa kata alipoingia, ndugu Florian, suruali imebanwa kwa kibanio cha baiskeli, jasho linamtiririka, nyuma yake majirani kama kumi.

"Ndugu Mseti! Nani kakwambia ubomoe? Hapa ndipo senta ya kijiji! Nimefuata namba kutoka kule mlimani: kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Zahanati inakaa hapa hapa!"

"Zahanati?" mzee akauliza. "Juu ya nyumba yangu?"

"Mkoa umeshapima. Mimi natekeleza. Hata wale wa karibu na kumi na sita nimeshawaambia wafunge mizigo."

Kumi na sita ni pango la popo.

"Ndugu katibu," nikasema, "samahani. Hizo namba siyo za mkoa. Niliandika mimi."

Florian akanitazama. Akatazama viatu vyangu, maana siku hiyo nilivaa vya kazini. Akatazama penseli niliyoirudisha sikioni. Mara akainamisha kichwa, akashika mikono yangu yote miwili.

"Mkubwa! Kumbe ni wewe! Mngetuarifu basi tukachinja hata jogoo. Wakubwa mnakujaga hivi hivi, kimya kimya, mtuone tunavyofanya kazi. Nimefanyaje, mkubwa? Nimekwenda sawa?"

"Mimi siyo mkubwa! Ni karani wa pamba!"

"Ndiyo, ndiyo," akakonyeza. "Karani wa pamba. Nimeelewa."

Juu ya paa kukatokea mshindo. Mzee Mseti alikuwa ameanza kushuka ngazi, na safari hii hakutabasamu.

"Kwa hiyo ni kweli. Ni wewe uliyenipaka."

"Mzee, nilikwambia..."

"Uliniambia ni mchezo! Unakula ugali wangu, unamchekea binti yangu, kumbe unapima nyumba yangu! Toka!"

"Baba..." Wankyo akaanza.

"Na wewe ulijua?"

"Nimejua leo, baba."

"Basi kesho panda lori kabla ya magunia. Tarime huko hakuna makarani."

Nikawa nimesimama na bati kichwani. Nikisema mimi siyo serikali, naambiwa najificha. Nikinyamaza, naambiwa nimekubali. Hata mimi nilianza kujiuliza: labda niliajiriwa bila kuambiwa?

Wankyo hakuuliza mtu. Alikwenda kwenye baiskeli, akafungua mpira wa kufungia mizigo, akaja na kreti na kulitua katikati ya ua. *Ngwa!*

"Baba, tafadhali sogea. Ndugu katibu, sogea na wewe. Mshawahi kuona serikali inatembea na kreti la kokoto?"

Watu wakachungulia. Jirani mmoja akasema, "Labda ni dawa." Wengine wakarudi nyuma kidogo.

"Ndugu katibu, chagua moja. Yoyote. Mtajie Masatu namba ya chumba chake."

Florian akalamba midomo. "Nne."

"Shimo linalopumua, nyuma ya Butiama," nikasema. "Ukiweka mkono mchana unasikia baridi. Kuna nyuki, usiingize kichwa."

"Tisa."

"Dimbwi juu ya mwamba, halikauki hata kiangazi. Kuna kenge mmoja anakaa pale. Ananijua."

Mtu akacheka nyuma. Florian akatoa leso.

"Kumi na sita?"

"Pango la popo, ndugu katibu. Ukiingia unatoka umepakwa, na siyo chokaa."

Sasa walicheka wengi. Wankyo hakucheka. Aliokota kokoto moja nyeusi yenye konokono mdogo aliyeganda, akaiweka kwenye kiganja cha katibu.

"Na hii ni kumi na mbili. Masatu, waambie iko wapi."

"Musoma. Ndani ya ziwa. Unafika kwa mtumbwi."

"Ndugu katibu," Wankyo akasema kwa adabu yote ya duniani, "mkoa umepanga kumjengea nani zahanati ndani ya ziwa? Sato?"

Ua mzima ukalipuka. Mama Wankyo alicheka hadi akashuka kwenye sanduku. Florian aliitazama ile kokoto kana kwamba imemwita jina. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo wewe siyo mkubwa?"

"Hata kwetu mimi ni mdogo."

"Na mimi nimewafungisha watu mizigo kwa sababu ya popo."

"Samahani sana, ndugu katibu. Chokaa naacha leo leo. Nitaenda mwenyewe kuwaambia, na namba zote nitazifuta."

Katibu akairudisha kokoto kwenye kreti. Nilijua angeweza kunifunga kwa hilo kopo langu. Lakini kunifunga mimi ni kuwaeleza wakubwa wa Bunda yeye alikuwa anafuata nini. Akakunja leso.

"Wananchi, namba za chokaa zimefutwa. Kijiji ni pale pale palipotajwa mkutanoni, kando ya barabara. Na nyumba hii," akageukia paa lililo wazi, "ilikuwa ndani ya mpaka tangu mwanzo. Ndugu Mseti, wewe hukutakiwa kuhama."

Mzee akatazama mabati yake yaliyolala uani. Akatazama nyumba iliyo wazi. Wingu zito lilikuwa limeshapanda kutoka upande wa ziwa.

"Sikutakiwa," akarudia.

"Hapana."

"Nimeng'oa bure."

Mzee akanigeukia.

"Wewe, mla furu. Kwa nini jiwe langu?"

Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Nikaumeza.

"Kwa sababu linalia, mzee. Na siku ya kwanza kuligonga ndiyo siku Wankyo alitokea. Nilizunguka Mara yote, sijapata mahali pengine pa hivyo. Niliogopa nisije nikapapoteza."

Wankyo akajifanya anafunga mpira wa baiskeli. Mpira ulikuwa umeshafungwa.

"Na kokoto yake iko humo ndani?"

"Ndiyo, mzee. Kumi na saba."

"Lete."

Nikampa. Akaitia mfukoni.

"Hii ni yangu. Mtu hachukui kitu kwenye boma la mtu bila kuleta wazee wake. Sasa panda juu. Mabati yote, misumari yote, kabla ya mvua. Likivuja hata tone, Tarime ipo."

"Na yule mwenye ng'ombe wengi, baba?" Wankyo akauliza.

"Ana ng'ombe, lakini hana adabu ya kupanda paa la mtu. Mpe mwenzio nyundo."

Nikapanda. Wankyo alinipitishia misumari, katibu Florian akashika ngazi, ili asionekane hana kazi. Mvua ilitukuta kwenye bati la mwisho. Tukamaliza tumelowa kama taulo. Mama Wankyo alipita ndani na sufuria akitafuta pa kukinga, akatoka nayo kavu.

"Halivuji," akamwambia mumewe. "La kwako lilikuwa linavuja."

* * *

Wazee wangu walikuja kutoka Nyegina na samaki wa kukaushwa na maneno mengi. Ng'ombe walipatikana, wengine wa baba, wengine wa mjomba, mmoja wa huruma. Namba nilizifuta zote, moja moja, hata ya ziwani. Siku ya kumchukua Wankyo, watoto waligonga lile jiwe mpaka mlio ukafika barabarani. Mzee Mseti akaniita pembeni, akafungua kiganja. Kokoto.

"Sasa mmekuja na wazee," akasema. "Chukueni vyote viwili."

Tukahamia chumba chetu cha kupanga Bunda, kwa baba mwenye nyumba aitwaye Enoka, mtu wa wasiwasi. Niliapa sitagusa chokaa tena, na sikugusa. Asubuhi moja nikaamshwa na kelele uani. Nikatoka nimefunga shuka.

Enoka alikuwa amebeba godoro kichwani. Mkewe amekumbatia kuku.

"Ndugu Masatu!" akanililia. "Wewe umesoma! Hebu tuambie, tunahamishiwa wapi?"

Nikageuka kutazama mlango wetu. Katikati ya mlango, kwa chokaa nyeupe isiyokauka, imechorwa vizuri kama barua ya mchumba: kumi na nane.

Nyuma yangu Wankyo alikuwa anaosha burashi kwenye ndoo.

"Nimepata mahali," akasema. "Niliogopa nisije nikapapoteza."